Muundo Mpya Umenikuta Stoo

Walianza na sukari. Jumatatu moja tumeenda kuchukua chai ya saa nne, kopo la sukari halipo, badala yake imebandikwa karatasi: "Katika kupunguza gharama za uendeshaji." Wiki iliyofuata maandazi nayo yakastaafishwa kwa manufaa ya kampuni. Sisi wa stoo tukanyamaza, maana mtu mzima na mkopo wake wa benki hagombanii andazi. Kumbe fagio lilikuwa limeshaingia, limeanzia jikoni tu.

Halafu wakaja washauri. Vijana watupu, suruali zimeishia juu ya kifundo cha mguu, kila mmoja na laptop yake. Mmoja nikapangiwa mimi. Kazi yake ni kusimama nyuma yangu na kuandika. Nikihesabu mabomba, anaandika. Nikimtafutia fundi nati za inchi moja, anaandika. Nikiegemea shelfu nikajikuna mgongo, hapo ndipo anaandika kwa kirefu. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unaandika nini hivyo?" Akasema anapima shughuli zisizoongeza thamani. Nikaacha kujikuna. Lakini jamani, huyu aliyeletwa kutafuta watu wasio na kazi amesimama stoo kwangu wiki nzima na hajanyanyua hata boksi moja!

Tukaitwa kikao cha wafanyakazi wote. Bosi mkubwa, ambaye siku zote tunamjua kwa gari tu, akatuita "familia". Mimi nimekulia nyumba ya watoto wengi, familia nazijua. Sijawahi kuona baba anawasha projekta kuwaonyesha wanawe nani anabaki na nani anahama. Chati yenyewe imejaa viboksi, na stoo haimo. Kuna kiboksi kimeandikwa "Mratibu wa Mnyororo wa Ugavi". Nikanyoosha mkono, nikauliza huyo ni nani. Nikaambiwa ni nafasi mpya, mtu wa kupokea mzigo, kuutunza na kuutoa. Nikasema, "Sasa si ndiyo mimi huyo?" Wakasema hapana, hiyo nafasi inabidi niiombe.

Basi nikaiomba kazi yangu. Kwenye usaili nimemkuta binti wa rasilimali watu, kaajiriwa juzijuzi, siku yake ya kwanza mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo. Ananiuliza, "Kwa nini ungependa kujiunga na kampuni yetu?" Dada yangu, funguo zote za stoo ninazo hapa kiunoni, kila nikivuta kiti zinalia, na wewe unaniuliza kujiunga?

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi akaja kututia moyo na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mkononi. Akatusomea kifungu cha 38: mwajiri akitaka kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane na wafanyakazi kuhusu namna ya kuwachagua wanaoondoka. Tukapiga makofi. Akaendelea: kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Mimi nina miaka 17 hapa. Nikaanza hesabu kwa vidole, nyumba ya Chanika ikapanda, nimefika kwenye kupaua, katibu akamalizia sentensi yake: mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Yaani ile saba iliyozidi nilikuwa najitolea! Siku 70 basi, na notisi ya siku 28. "Hicho ndicho kiwango cha chini," katibu akasema, "tutajadiliana." Sisi na kiwango cha chini tunafahamiana siku nyingi.

Hata hivyo nisiionee kampuni. Kabla haijanigusa, mtaa ulishanipunguza. Mama ntilie wa pale getini ananikopesha miaka yote, tunamalizana mwisho wa mwezi. Siku hiyo ananipokea, "Shikamoo Baba Zawadi, leo ni keshi." Kulikoni? "Nasikia mnapunguzwa." Orodha alikuwa nayo kabla ya rasilimali watu, kwa sababu madereva wa mabosi wanakula kwake. Nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama jina langu limo. Hakunijibu. Akapakua wali, akamwagia maharage, kipande cha nyama akakitazama, akakirudisha sufuriani.

Kwenye kikoba wakataka nilete mdhamini mwingine. Mwenye nyumba, aliyezoea kodi ya miezi mitatu, akaomba ya sita, eti kwa usalama wangu mwenyewe.

Balaa lenyewe lilikuwa nyumbani. Mjomba alipigwa ridandansi miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yanabinafsishwa, na mpaka leo anaisimulia kwa tabasamu, maana alinunua teksi. Injini ilivyokufa hasimulii. Akaja asubuhi na mapema, "Hongera mpwa wangu! Hela usiitawanye, tununue bajaji mbili." Shemeji yeye ana daftari la hesabu za kuku wa mayai, na banda kashaanza kuligongelea mbao uani. Hata Mama Zawadi, ambaye kila usiku ananiombea nisipunguzwe, nimemkuta sebuleni anapima kona kwa hatua, pa kuweka friji. Nikawaeleza kwamba mshahara wa siku 70 wa mtunza stoo haununui bajaji. Mjomba akanihurumia. "Makampuni haya hayasemi yote. We subiri."

Orodha ikatoka Ijumaa jioni, saa ambayo hata ukitaka kuuliza, humkuti mtu ofisini. Hapo sina utani. Kuna mafundi waliojifunzia kazi humo humo tangu ujana, wameondoka na boksi la vikombe na picha za watoto. Mimi nikabaki. Sasa ndiye Mratibu wa Mnyororo wa Ugavi, yaani stoo ile ile, pamoja na kazi ya yule wa manunuzi aliyeondoka, na lori likichelewa napakia mwenyewe. Mshahara muundo mpya haukuugusa. Sukari haijarudi.

Nikafika nyumbani nikatangaza: sijapunguzwa. Watu wakapoa kama nimeleta habari ya msiba. Shemeji akaweka nyundo chini. Mama Zawadi akasema, "Mungu mkubwa," kwa sauti ya mtu aliyefiwa na friji. Mjomba akaniomba barua, akavaa miwani, akaisoma yote, mpaka mstari wa chini kabisa palipoandikwa kwamba huu ni utekelezaji wa awamu ya kwanza. Uso ukamchangamka.

"Awamu ya pili lini?"