Kompyuta Haiwaki, Mikono Inawasha

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba kompyuta yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa ikiwaka, ikifungua hesabu za kikoba cha mke wangu ambazo nazitunza bila malipo wala ahsante, na ikizima pale nilipoiambia izime. Mwenye kasoro nilikuwa mimi, kwa sababu Jumamosi ile nilikosa shughuli, na mwanamume wa umri wangu akikosa shughuli nyumbani hutafuta kitu kizima akakitengeneze.

Ujumbe ulikuwa umejitokeza pembeni mwa skrini ukinijulisha kwamba kuna toleo jipya la BIOS litakaloongeza uthabiti. Sikuwahi kulalamikia uthabiti. BIOS, kwa ambaye hajaonja machungu yake, ni programu ndogo inayokaa ndani ya chipu kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na kuamka kabla ya Windows, ikahakikisha kwamba RAM (kumbukumbu ya muda), diski na kibodi vimefika kazini, kama mlinzi anayefungua geti la shule alfajiri. Mafundi watakuambia kwamba kilichomo humo siku hizi ni UEFI, mrithi wake, na kwamba BIOS ni jina la miaka ya 1970 lililoganda midomoni mwa watu. Mimi nami ni wa miaka hiyohiyo, na sipendi kusasishwa.

Nilichukua flashi iliyokuwa ikizagaa kwenye droo, nikaifomati kwa mfumo wa FAT32 kama maelekezo yalivyotaka, nikaweka faili, nikaiwasha kompyuta huku nikikidonoa kitufe cha Del kama kuku aliyeona mtama. Likatokea onyo kwamba umeme usikatike kwa hali yoyote ile, na hapo ndipo nilipoikumbuka LUKU. Nilikwenda kwenye mita, nikakuta uniti 4, nikazipigia hesabu pamoja na friji, nikaona kwamba kwa kazi ya dakika 10 hizo ni nyingi mno. Asilimia zikapanda taratibu, nami sikupumua vizuri mpaka zilipofika 100, kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na skrini ikabaki nyeusi tii.

Feni zilizunguka. Kitaa cha rangi ya machungwa kiliwaka kando ya neno DRAM, yaani RAM. Nilisubiri dakika nzima, ambayo kwa mtu mwenye hofu ni ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, kisha nikazima na kuwasha tena, nikasubiri, nikazima, nikawasha, mara saba kwa hesabu yangu na mara kumi na mbili kwa hesabu ya mke wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kuniuliza kwa ule upole unaouma, "Baba watoto, si ilikuwa inafanya kazi?" Shemeji alinishauri kwa simu kwamba nichomoe RAM na kuzisugua kwa kifutio cha penseli, nikazisugua mpaka zikang'aa kama pete ya bwana harusi. Jirani, ambaye hata kuku wangu walipokohoa alisema ni virusi, alisema ni virusi.

Fundi alifika Jumapili jioni na kuuliza swali moja tu: "Mzee, kila ukiwasha ulikuwa unasubiri muda gani?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba dakika nzima. Akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyemeza vidonge vya wiki kwa siku moja. Alinieleza kwamba BIOS ikishabadilishwa, mazabodi yenye RAM za aina ya DDR5 huzipima upya kabla ya kuonyesha picha yoyote, kwamba upimaji huo waweza kuchukua dakika kadhaa, na kwamba kila nilipozima niliirudisha mwanzo. Alichomoa betri ya CR2032, ile ya volti 3 inayofanana na sarafu, akaiacha nje kwa muda ili mipangilio ya zamani ifutike, akairudisha, akawasha, kisha akanikabidhi kikombe cha chai yangu mwenyewe ili mikono ipate kazi. Tulikunywa kimya kimya. Nilipofika kwenye majani ya chini, picha ikaja.

Sikuwahi hata kushangilia. Skrini iligeuka bluu, kwa kuwa BitLocker, mlinzi wa diski, alikuwa ameiona BIOS mpya akamdhania mwizi, akataka ufunguo wa tarakimu 48. Fundi aliniuliza niliuhifadhi wapi. Nilimwambia kwa fahari kwamba niliuhifadhi kwenye flashi, kama kompyuta ilivyonielekeza siku ile ya kwanza. Sote wawili tukaigeukia flashi, iliyokuwa bado imechomekwa pale pale, imefomatiwa vizuri sana, ndani yake hamna kitu ila faili la BIOS.

Bahati ni kwamba nakala ilikuwepo kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, ambayo nywila yake nilibadilisha mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia. Mwanangu alishika simu akaanza kunisomea, mafungu manane ya tarakimu sita sita, nami ambaye sijawahi kuingiza zile 20 za LUKU bila kukosea nilikuwa nabonyeza kwa kidole kimoja, jasho likinitoka. Tulikuwa kwenye fungu la saba pale friji ilipokoroma mara ya mwisho, feni zikapunguza mwendo, na nyumba nzima ikaingia giza.

Mita ilikuwa imemaliza zile uniti 4. Mke wangu alinunua nyingine kwa simu bila kusema neno, ujumbe ukaingia, na mwanangu akauliza gizani kama tuanze na zile 20 au zile 48.