Kiwanda cha mwani Bagamoyo: tukijenge, ila tusimfungie mkulima mlango

Bahari ikipwa siku za bamvua, wanawake wa Mlingotini, kijiji cha pwani kusini ya mji wa Bagamoyo, hushuka majini na kamba zao begani. Mbegu ni vipande vya mwani wenyewe. Vinafungwa kimoja kimoja kwenye kamba, kamba inavutwa kati ya vigingi viwili, kisha zinasubiriwa wiki sita hivi. Mwani ukivunwa unaanikwa, na kilo saba au nane za mbichi hubaki kilo moja kavu. Hiyo kilo moja ndiyo inayopimwa, ikatiwa guniani, ikasafirishwa nje.

Huko nje ni malighafi ya kemikali. Hutolewa karajinani, kitu kinachogandisha na kushikanisha vyakula na dawa. Ukisoma pakiti ya aiskrimu au ya maziwa ya chokoleti ukakuta E407, umekutana nayo. Imo pia katika aina nyingi za dawa ya meno. Mwanamke aliyeufunga mwani ule kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji ya chumvi ananunua dawa ya meno dukani kwa bei ambayo haina uhusiano wowote na kile alicholipwa.

Ndiyo maana kila panapozungumzwa mwani, hoja hurudi palepale: tujenge kiwanda, tuzuie kuuza ghafi. Hoja hii si ya kubezwa, hasa Bagamoyo. Karne ya 19 pwani hii ilitoa sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini huku Mrima, ukapitia Unguja na kuvuka bahari hadi Salem, Marekani. Huko ulisafishwa na kuingia katika vanishi bora za zama hizo. Aliyechimba alibaki na jembe lake. Viwandani zilipokuja resini za kutengenezwa, biashara ikafa, na hapa hakukubaki hata chumba kimoja cha kupikia vanishi. Zanzibar nao wamechoka kusubiri, wakaamua kujenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, Pemba.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito zaidi. Kwenye mnyororo huu mkulima ana mlango mmoja tu. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayempa kamba na vigingi, na kwa hiyo ndiye anayestahili kuuziwa. Mizani ni yake. Akisema mwani haujakauka vizuri, anakata kilo. Kweli mwani unatakiwa ushuke hadi unyevu wa asilimia 35 hivi, na wapo wanaouanika mchangani badala ya kichanja, ukaja na mchanga ndani. Lakini pale ufukweni hakuna kipimo cha unyevu. Kuna kiganja cha mnunuzi, anaufinya na kutoa hukumu.

Sasa tugeukie upande wa pili, na hapa naomba tuwe wavumilivu, kwa sababu mazungumzo mengi ya kiwanda huishia kwenye jengo na kusahau kinachochemka ndani yake.

Kuna aina mbili za mwani tunazolima: spinosamu na kotonii. Kotonii hutoa karajinani inayoganda ngumu, na bei yake huwa mara mbili ya spinosamu au zaidi. Njia rahisi ya kiwanda ni ya kotonii: unaupika mwani katika haidroksaidi ya potasiamu, ambayo ni alkali kali, nyuzi 75 hadi 80, kwa saa mbili hivi. Alkali inabadili molekuli ili igande vizuri zaidi, na potasiamu inaizuia isiyeyuke ikapotea kwenye maji. Unasuuza, unakatakata, unakausha, unasaga. Unga huo ndio E407a, daraja la kati. Tani tatu au nne za mwani mkavu zinakupa tani moja hivi. Hakuna mtambo wa ajabu hapo, na Ufilipino walijijenga kwa njia hiyo.

Ila bahari yetu kotonii imeikataa. Maji ya kina kifupi yakipata joto mwani unakuwa mweupe, unalainika na kukatika kambani, na shamba linakwisha kwa siku chache. Walioshindwa wakarudi kwenye spinosamu, inayovumilia. Na spinosamu ina kemia yake. Karajinani yake inaganda laini, haikamuliki kwa mashinikizo kama ile ya kotonii. Kuipata safi kunahitaji kuitoa kwenye maji kwa alkoholi nyingi, na alkoholi hiyo lazima ikusanywe tena na kutumika upya, la sivyo hasara. Huo sasa ni mtambo mwingine kabisa, na mtaji mwingine. Kwa hiyo anayesema tujenge kiwanda inabidi aulizwe kwanza: cha mwani upi?

Halafu kuna alkali yenyewe. Haidroksaidi ya potasiamu hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na potasiamu hiyo huchimbwa zaidi Kanada, Urusi na Belarus. Mwaka 2022 vita vya Ukraine na vikwazo dhidi ya Belarus vilipandisha bei yake dunia nzima, na wakulima wetu waliiona kwenye mbolea. Kiwanda cha Bagamoyo kingeionja hivyohivyo. Tungekuwa tumeacha kutegemea mnunuzi wa mwani, tukaanza kumtegemea muuzaji wa alkali. Kwa spinosamu kuna faraja kidogo: yenyewe hutolewa vizuri kwa chokaa, na Tanga ina mawe ya chokaa tele. Hilo mhandisi wa viwanda wa hapa nchini angelishika kwa mikono miwili.

Maji nayo. Kusuuza kunataka maji mengi yasiyo ya chumvi, na yanayotoka ni makali kwa alkali, hayawezi kumwagwa kwenye mikoko. Mto Ruvu unaopita wilaya hii ndio unaoinywesha Dar es Salaam, na Oktoba 2022 uliposhuka, jiji likaingia kwenye mgao.

Nikivipima vyote hivi, naunga mkono kiwanda, lakini napinga vikali marufuku ya kuuza mwani ghafi. Kiwanda, kwa macho ya mama wa Mlingotini, ni mnunuzi mmoja zaidi. Faida yake kwake inatokana na kuwapo pamoja na wanunuzi wengine. Ukifunga bandari, unamkabidhi mwenye kiwanda mamlaka ya kupanga bei peke yake, tena kwa nguvu ya sheria. Machi 2017 tulizuia makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, kusafirishwa kwenda nje, na sababu zilikuwepo, lakini dhahabu ilimilikiwa na makampuni makubwa yenye mawakili. Mwani ni wa mtu mwenye kamba thelathini. Mashine ikiharibika, au alkali ikikwama melini kwa mwezi mzima, mwani wake utakaa chumbani ukivuta unyevu, naye atauuza kwa lolote.

Watakaonijibu kwamba bila marufuku kiwanda kitakosa malighafi, wana hoja. Mavuno ya bara ni madogo, na mtambo usioshiba hula mtaji. Lakini dawa yake ni kuongeza mwani: kulima kotonii kwenye maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Kunahitaji mashua na kuogelea, na wengi wa wanawake hawa hawajawahi kufundishwa kuogelea. Fedha ya kwanza ningeiweka hapo, kwenye mashua iliyoandikishwa kwa jina la kikundi chao na mafunzo ya kuogelea, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Ya pili ningeiweka kwenye kipimo cha unyevu na mizani ya kijiji, vikae ofisi ya serikali ya kijiji, mnunuzi yeyote apimie hapo mbele ya mwenye gunia.