PhD ya TEHAMA ukiwa kazini Kigoma: inalipa?

Siku hizi ofisa TEHAMA wa halmashauri, mkufunzi wa chuo cha kati au fundi mkuu wa minara ya simu aliyeko Kigoma anaweza kujisajili PhD bila kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994, kina kituo hapa na kingine Tabora. Vyuo vya nje navyo vimefungua mlango. Purdue, cha jimbo la Indiana huko Marekani, kinatoa Udaktari wa Teknolojia kwa njia ya mtandao na kimewalenga watu walioajiriwa. Kwa hiyo ubishi uliobaki si kama inawezekana. Ni kama inalipa.

Wanaopinga hutaja ada kwanza, nami naona hiyo ndiyo hoja yao nyepesi. Ada unaijua kabla hujaanza, na unaweza kuipangia. Hoja yao nzito ni muda. Anayesoma kutwa humaliza kwa miaka mitatu au minne. Anayesoma huku anafanya kazi huenda mitano, sita, pengine zaidi, na teknolojia haimsubiri. Mchukue mtu aliyeanza mwaka 2019 kutafiti jinsi kompyuta inavyoweza kuainisha maandishi ya Kiswahili. Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ikatoka. Mwenzake aliyeanza siku moja naye, lakini akisoma kutwa, alikuwa ukingoni kumaliza. Yeye alikuwa bado anakusanya data, na swali lake likaanza kuonekana la kizamani mbele ya wasimamizi walewale waliolipitisha. Hapo hakuna uzembe wa mtu, ni hesabu tu ya miaka.

Lakini hesabu hiyo inamuumiza zaidi yule anayetafiti chombo chenyewe. Anayetafiti namna watu wanavyokitumia chombo mahali fulani yuko salama zaidi, na hapa ndipo Kigoma inapokuwa na utajiri ambao Dar es Salaam haina. Mji huu kwa miaka mingi uliwashwa na majenereta ya dizeli kabla ya mkoa kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za hospitali, kama GoTHoMIS, hufanya nini pale umeme unapokatika saa nne asubuhi na foleni imefika mlangoni? Karani akirudi kwenye daftari, nani huingiza taarifa zile baadaye, na ngapi hupotea njiani? Shuka mwaloni Kibirizi, ambako boti hupakia za kwenda Burundi na Kongo: mfanyabiashara wa dagaa anayeuziana na watu wa nchi nyingine, wenye sarafu nyingine na laini nyingine ya simu, analindaje fedha zake? Mtafiti wa kutoka mbali huja na dodoso wiki mbili za kiangazi, akaondoka. Aliyeajiriwa hapa anaiona masika pia, na anajua ni afisa gani akihamishwa mfumo mzima unalala.

Mfano mkubwa wa hoja hii tunao ziwani kwetu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960 akiwa hana shahada hata moja. Mwaka 1962 Cambridge ikamsajili kwa PhD moja kwa moja, akawa anakwenda Uingereza na kurudi kwa sokwe wake hadi akaihitimisha katikati ya miaka ya sitini. Hakuwa mwanafunzi wa jioni na wikiendi, na alikuwa na wafadhili, kwa hiyo tusimtumie kujidanganya. Kinachofaa kuchukuliwa kwake ni kimoja: kazi yake na utafiti wake vilikuwa kitu kimoja, mahali pamoja. Hakuwa akitoka kazini jioni ili akaanze kutafiti.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo, ambao wanaoshabikia huupita haraka mno. Data iliyo mezani kwako si yako. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kufungua rekodi za wagonjwa au wateja kwa sababu tu una nywila ya mfumo si utafiti, ni kosa. Utahitaji kibali cha mwajiri na kibali cha maadili ya utafiti. Vibali hupatikana kwa subira. Kuna gumu zaidi ya hilo. Tuseme matokeo yako yanaonyesha kwamba mfumo ambao bosi wako aliuzindua kwa mbwembwe hautumiki, na wahudumu wanaujaza mwisho wa mwezi ili ripoti ipite. Utaandika? Bosi huyo ndiye anayesaini ruhusa yako ya kwenda kumwona msimamizi. Mtafiti wa kutoka nje angeandika na kupanda treni. Wewe Jumatatu uko palepale ofisini. Nadhani hapa ndipo tasnifu nyingi za watu walio kazini hupoa, zikaishia kwenye mapendekezo ya "mafunzo zaidi kwa watumishi", sentensi isiyomkera yeyote.

Suala la umbali nalipa uzito mdogo, japo kutoka hapa hadi Dar kwa reli ni takriban kilomita 1,250. Vikao vya mtandaoni vimepunguza safari. Visichorudisha ni yale mazungumzo ya kwenye korido, pale mwenzako anapokuambia kwamba njia yako ya uchambuzi ina kasoro kabla hujaitumia mwaka mzima. Na wikiendi tunayoihesabu kuwa ya kusoma, kwa mtu mzima wa mji huu tayari ina msiba, kikao cha harusi na mchango wa harusi nyingine.

Faida ya kazini nayo inategemea umeajiriwa wapi. Chuo kikuu, huwezi kupanda kuwa mhadhiri bila PhD. Halmashauri, hakuna kiti kinachoisubiri. Utaitwa Dokta kwenye vikao na kazi itabaki ileile ya kufufua printa. (Heshima ya jina hilo nayo imepungua tangu udaktari wa heshima uanze kugawiwa kumbi za hoteli.) Anayetaka cheo au mshahara, shahada ya uzamili na vyeti vya usalama wa mitandao vitamfikisha mapema zaidi, na bado atabaki na Jumamosi zake.

Kwa yule mwenye swali linalomkera kazini kila wiki, ningesema aanze, ila si kwa kulipa ada. Aombe kwanza barua ya mwajiri inayotaja data atakazotumia na kwamba matokeo yatachapishwa hata yasipopendeza. Kisha amuulize msimamizi anayemtaka amewahi kuwafikisha mwisho wanafunzi wangapi waliokuwa kazini. Ofisi ikikataa kuandika barua hiyo, abadili mada au abadili kituo cha utafiti kabla ya kusajiliwa, kwa sababu atakachonyimwa leo kwa maandishi hatakipata mwaka wa nne kwa kubembeleza.