Mahali pa Njinga Si Ngomeni

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka binti wa shangazi yangu, mgeni kutoka bara, kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Tukakata tiketi, tukaenda mpaka kwenye ncha ya mwamba, upepo wa kusi ukitaka kutunyang'anya mitandio. Akaitazama ile nguzo nyeupe na msalaba wa jiwe la Lisbon juu yake, kisha akaniuliza, "Dada, sasa ndiyo huyu mnayemtunza hivi?"

Nilicheka tu. Mreno huyo alitia nanga hapa Malindi Aprili 1498. Mombasa hawakumtaka, mfalme wetu akampokea na kumpatia rubani wa kumvusha hadi India. Wamombasa wakitusema kwa hilo, huwa nanyamaza.

Kwenye tuktuk, tukirudi mjini, nikamsimulia habari za Njinga, malkia wa kale wa huko tunakokuita Angola leo. Huyo naye aliletewa Wareno mlangoni, upande wa pili wa Afrika. Mwaka 1622 kaka yake, mfalme wa Ndongo, alimtuma Luanda akazungumze na gavana wao, João Correia de Sousa. Gavana kajikalia kitini, mgeni katandikiwa sakafuni. Njinga hakusema kitu. Alimwashiria mmoja wa wahudumu wake, yule akapiga magoti na kuweka viganja chini, Njinga akamkalia mgongoni, mazungumzo yakaanza. (Kila nikiisimulia hadithi hii namhurumia yule mhudumu.) Baadaye akawa malkia wa Ndongo, kisha wa Matamba, akapigana na Wareno miaka na miaka, akafa mwaka 1663, bikizee wa miaka 80 hivi. Na watumwa aliuza pia, tusimpake marashi.

Mwaka 2002 Waangola walimsimamishia sanamu katika uwanja wa Kinaxixi, katikati ya Luanda, pale pale ambapo enzi za ukoloni palikuwa na mnara wa Wareno wa kuwakumbuka askari wao. Maharusi wakawa wanakwenda kupiga picha miguuni pake. Mimi hapo ndipo ninapoipenda sanamu: shela, jasho, shangazi wanagombana nani asimame mbele, na malkia juu yao.

Kisha uwanja ukaingia kwenye ujenzi, Njinga akaondolewa, akapelekwa Ngome ya São Miguel, kwenye makumbusho ya majeshi. Ngome hiyo waliijenga Wareno wenyewe, karne ya 16. Najua hoja ya upande wa pili: nyumba ya adui sasa ni yetu, basi malkia aingie kama mwenye nyumba. Hoja tamu, lakini hainiingii. Mwenye nyumba haendewi kwa kupanda mlima na kupita getini. Mwanamke aliyekataa kukaa pale gavana alipompangia, akapangiwa tena pa kukaa, na safari hii na watu wake.

Binti wa shangazi akaniambia, "Kwani nyinyi hamna wenu?"

Tunaye. Nikamwomba dereva atushushe bustanini kwa Mekatilili wa Menza. Yeye hakuwa malkia. Alikuwa mjane wa Kigiriama aliyecheza ngoma ya kifudu kijiji hadi kijiji akiwalisha watu kiapo wasiwatii Waingereza. Walipomkamata mwaka 1913 wakampeleka mbali, Kisii, alitoroka akarudi Pwani kwa miguu. Kuna wanaotaka sanamu yake ihamishiwe mahali "pa heshima" zaidi, pawe na ukuta na mlinzi. Mimi sitaki. Siku hiyo tulikuta mtu kaegemeza baiskeli pembeni, mwingine kalala kivulini, kofia usoni. Mgeni wangu akanipa simu nimpige picha, na yule aliyelala akafunua jicho moja, akasema, "Rudini nyuma kidogo, dada, mumpate mama mzima."