Umri wa wazazi na watoto wa nzi: mchango wa nani, na wa aina gani?

Ukisikia kwamba umri wa mzazi hubadilisha vinasaba vya watoto, uliza kwanza: ni mzazi yupi, na mabadiliko gani? Kwa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, swali hili halikwepeki. Kromosomu za dume, yaani nyuzi zinazobeba jeni, hazibadilishani vipande kabisa anapotengeneza manii. Kazi hiyo hufanywa na jike peke yake, yai linapoundwa.

Mwaka 1915 Calvin Bridges, wa maabara ya Thomas Hunt Morgan huko New York, alionyesha kwamba mabadilishano hayo hutegemea umri wa jike. Na hayafuati mstari ulionyooka: hushuka, kisha hupanda tena, na athari hujitokeza zaidi karibu na sentromea, pale kromosomu inapobanwa.

Wapo wanaoona hapa mbinu ya maumbile: mama anayezeeka anachanga karata upya, watoto wapate miungano ya jeni ambayo yeye hakuwa nayo. Hoja hii inavutia, na kweli mabadilishano hutenganisha jeni zilizozoea kusafiri pamoja. Lakini umri huohuo hulegeza protini zinazoshikilia kromosomu, zikashindwa kuachana vizuri, na yai likabaki na moja zaidi au pungufu. Kiinitete cha namna hiyo mara nyingi hufa. Kwangu mimi hili lina uzito zaidi. Kinachoitwa mbinu kinafanana mno na uchakavu.

Baba naye ana njia yake. Seli zinazozaa manii huendelea kugawanyika maishani mwake, na kila zinaponakili DNA kosa jipya laweza kupenya. Hayo ni makosa mapya, si michanganyiko ya jeni za zamani. Kuyatia kapu moja na mabadilishano ya mama ni kupotosha.

Tena kuna suala la kupima, ambalo ndilo linalonisumbua hasa. Jike huhamishiwa chupa mpya kila baada ya siku chache, kisha watoto wa kila chupa huhesabiwa kwa rangi ya macho na umbo la mabawa, sifa zinazoonyesha nani amepata mchanganyiko mpya. Wanaohesabiwa ni walioishi tu. Ikiwa baadhi ya michanganyiko hufia kwenye yai mama anapozeeka, hesabu itabadilika hata kama mabadilishano yenyewe hayajabadilika. Isitoshe, jike huhifadhi manii ya kupandwa mara moja na kuyatumia kwa siku nyingi. Asipopewa dume kijana kila mara, mayai na manii huzeeka pamoja ndani ya mwili uleule.