Jina la Kiskoti si hati ya damu

Sisi tulio karibu na mbuga tunayataja majina ya Waskoti kila mara bila kuwaza. Swala tomi ameitwa kwa jina la Joseph Thomson, na swala granti kwa jina la James Augustus Grant, wasafiri wa karne ya 19 waliozaliwa Uskoti. Thomson ni mwana wa Tom, basi. Grant linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mkubwa, na kwa bahati tu swala granti kweli amemzidi tomi kwa umbo.

Ile Mac inayoanza majina mengi ya Kiskoti nayo haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani: ni "bin". MacDonald ni bin Domhnall, Macintyre ni bin seremala, na Mactaggart ni bin padri, kumbukumbu ya enzi ambazo padri kuwa na watoto hakukumshtua mtu. Binti katika Kigaeli, lugha ya jadi ya Waskoti wa milimani, hawi Mac, huwa Nic. Orodha za Kiingereza ndizo zilizowafanya wanawake nao kuwa "bin". Hata akiolewa, mwanamke wa Uskoti wa zamani alibaki na jina la kwao, na ndilo linalosomeka kwenye mawe mengi ya makaburi. Wanaodai kwamba Mac ni Mskoti na Mc ni Muayalandi wasikusumbue. Mc ni kifupisho tu cha mwandishi mvivu.

Kinachonikera ni biashara iliyojengwa juu ya majina haya. Ukitembea Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, utauziwa kishikio cha funguo chenye jina la ukoo, ngao, na kitambaa cha miraba "cha mababu zako". Nyingi ya desturi hizo za kila ukoo na miraba yake zilishika kasi baada ya Mfalme George IV kuzuru Uskoti mwaka 1822. Tena utamu wa maana halisi wanauficha. Campbell ni mdomo uliopinda. Cameron, kwa ukoo wa milimani, ni pua iliyopinda. MacLeod ni mwana wa Ljótr, jina la Kinorse, lugha ya Waviking, la mtu mwenye sura mbaya. Mimi nayapenda majina haya kwa sababu hayo hasa: yalitolewa na majirani wenye macho na ulimi.

Lakini tatizo kubwa ni pale mtu anapolichukua jina kama hati ya damu. Milimani, mkulima asiye na nguvu alijiita kwa jina la mkuu aliyemlinda au aliyemiliki ardhi aliyoilima. Jina lilieleza uko upande wa nani.

Na jina liliweza pia kukuua. Mwaka 1603, baada ya watu wa MacGregor kuwachinja watu wa Colquhoun katika bonde la Glen Fruin, serikali ya Mfalme James VI ilipiga marufuku jina lenyewe. Ukiendelea kuitwa MacGregor, adhabu ni kifo. Watu wakajiita Campbell, Drummond, Graham, Murray, Stewart, chochote kilichopatikana. Marufuku ikaondolewa 1661, ikarudishwa 1693, na haikufutwa kabisa hadi 1774. Rob Roy, MacGregor maarufu kuliko wote, alitumia jina la Campbell, la ukoo wa mama yake. Sasa niambie: mjukuu wa kitukuu wa familia iliyokimbilia jina la Murray na isirudi tena, leo ananunua miraba ya nani?

Halafu kuna Jamaika. Waskoti walikuwa wengi miongoni mwa wamiliki na wasimamizi wa mashamba ya miwa, na Waafrika waliotumikishwa humo wakaishia kubeba majina yao. Ndiyo maana Campbell limejaa Kingston. Baadhi ya waliolibeba walikuwa watoto wa mabwana hao, wengine hawakuwa na tone la damu ya Uskoti. Muuza vishikio vya funguo wa Edinburgh hatamuuliza mteja kutoka Kingston alilipataje jina hilo. Mimi ningemuuliza, kwa sababu jibu lake lina historia nyingi ya Uskoti ambayo ngao haiionyeshi.