Gamba au jeni: nani aamue majina ya foraminifera wa sakafu ya bahari kuu?

Mwaka 1866 Conrad Schwager alieleza, kutokana na visukuku vya kisiwa cha Car Nicobar katika Bahari ya Hindi, kiumbe wa seli moja aliyempa jina la Anomalina wuellerstorfi. Foraminifera huyo, yaani kiumbe wa seli moja anayejijengea gamba, yu hai hadi leo kwenye sakafu ya bahari kuu nyingi duniani, na tangu hapo amehamishwa kutoka jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) hadi jenasi: Cibicides, Planulina, Fontbotia, Cibicidoides. Msomaji mgeni wa makala za bahari za kale angedhani anasoma habari za viumbe wanne.

Wanaotetea gamba wana hoja nzito. Chini ya hadubini, wuellerstorfi hutambulika mara moja: upande mmoja ni bapa, una vitundu vikubwa, na mishono baina ya vyumba vyake imepinda kama mundu, upande wa pili umevimba kidogo na vitundu vyake ni vidogo zaidi. Sifa hizo hudumu kwa mamilioni ya miaka, ilhali DNA haidumu. Magamba ya kipindi cha Eosini, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, yaliyochimbuliwa na Tanzania Drilling Project, mradi wa kuchimba mashapo ya kale, huko Kilwa na Lindi yamehifadhiwa vizuri ajabu, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi uliyakinga, lakini hata humo hakuna jeni ya kusoma. Ndiyo maana mfumo wa uainishaji wa wataalamu Loeblich na Tappan, wa mwaka 1964 na ule uliopanuliwa mwaka 1987, ulitegemea zaidi ukuta wa gamba: chembe za mashapo zilizogandishwa pamoja, chokaa angavu, au chokaa nyeupe isiyopitisha mwanga.

Jeni, hata hivyo, zimeonyesha kwamba ukuta unaweza kumpotosha mchambuzi. Mwaka 2013 Pawlowski, Holzmann na Tyszka walipendekeza ngeli mbili za foraminifera wenye vyumba vingi au mrija mrefu, Globothalamea na Tubothalamea, na katika kila moja wamo wenye magamba ya chembe zilizogandishwa pamoja na wenye magamba ya chokaa. Kabla ya hapo, mwaka 2003, jeni zilithibitisha kwamba zenofiofora, majitu ya seli moja ambayo wengine waliwahi kuyadhania kuwa sponji, ni foraminifera. Kisha kuna wenye chumba kimoja, ambao wengi wao wana ukuta laini usioacha kisukuku; mwaka 2005 watafiti waliripoti viumbe wa aina hiyo kutoka Challenger Deep, sehemu yenye kina kirefu zaidi baharini, karibu mita 10,900 chini ya maji. Mfumo uliojengwa juu ya visukuku peke yake hauwezi kuwapa viumbe hao nafasi wanayostahili.

Lakini jeni hazikuja kuwaumbua wachunguzi wa magamba tu. Mwaka 2007 ilibainika kwamba foraminifera Epistominella exigua wa Aktiki na wa Antaktika, waliohesabiwa kuwa spishi moja kwa gamba lao, wanakaribiana mno kijeni, yaani gamba lilikuwa limesema kweli muda wote.

Kwa maoni yangu, mgogoro ulio na gharama halisi uko kwenye jenasi. Vipimo vya isotopu (aina za atomi zenye uzito tofauti) za oksijeni vya Cibicidoides, vinavyotumika kukadiria joto na barafu za kale, huongezwa 0.64 kwa elfu ili vilingane na vya Uvigerina, jenasi nyingine ya foraminifera, na kwa isotopu za kaboni wuellerstorfi huaminiwa zaidi kwa sababu huishi juu ya tope, ambako hupokea kemia ya maji ya chini, wakati Uvigerina huishi ndani ya tope. Iwapo Cibicidoides ni mkusanyo tu wa viumbe wenye sura zinazofanana, mtu anayetumia sahihisho moja kwa jenasi nzima anahesabu juu ya msingi asioujua. Ningependa sahihisho lifungwe kwenye spishi, jenasi iendelee kubishaniwa, na ngazi za juu ziachiwe jeni, huku spishi zilizotoweka zikiendelea kupewa majina kwa gamba kwa sababu hakuna njia nyingine.

Wanabiolojia nao wanadaiwa jambo moja. Mbinu nyingi za kutoa DNA huanza kwa kumponda kiumbe mzima, na ikiwa hakupigwa picha za pande zote kabla ya kupondwa, mfuatano wa jeni zake huingia kwenye hazina ya data na jina ambalo hakuna mwanapaleontolojia anayeweza kulikagua.